Kabla ya Kutupa Mshipi

Mzee niliyemkuta kwenye Mto North Umpqua, kusini mwa jimbo la Oregon huko Marekani, alikuwa amekaa juu ya jabali muda mrefu kuliko wavuvi wengi wanavyokaa ndani ya maji. Ufito wake umelala kando, mshipi haujachomolewa. Barabarani juu yake magari yalikuwa yakisimama, milango ikibamizwa, watu wakiteremka na suruali zao za mpira zinazofika kifuani; wanaingia mtoni, wanatupa, wanatoka, wanakwenda zao. Yeye anatazama tu. Kofia ameivuta hadi kwenye nyusi, macho hayabanduki kwenye kipande kimoja cha mto, pale maji yanapotoka kwenye kilindi na kupungua kina kabla ya kuporomoka. Nilipomsalimu na kumuuliza kama amepata chochote, alinijibu kwamba bado hajaanza. Akafikiri kidogo, akasema la, ameanza tangu alfajiri, ila mshipi haujalowa.

Kauli hiyo haijanitoka kichwani. Waswahili husema ukiona vyaelea vimeundwa, na kazi nyingi za mikono hujishuhudia zenyewe: seremala huacha mlango, msusi huacha mkeka. Fundi wa kuchagua mahali pa kuvua haachi kitu. Akimaliza, mto uko vile vile. Hata akimpata samaki, watu watasifu ufito, watasifu nzi wa manyoya aliyefungwa kwenye ndoana, watasifu bahati. Ile saa nzima ya kukaa kimya juu ya jabali haina wa kuisifu. Ndiyo maana ufundi huu unakufa pasipo mtu wa kuutangazia msiba.

Samaki mwenyewe anaitwa stilihedi, na si mgeni kwetu kama jina lake linavyosikika. Ni trauti yule yule ambaye Wazungu walimpandikiza enzi za ukoloni katika mito ya baridi ya Mlima Kenya na Aberdare, anayezalishwa mpaka leo pale Kiganjo, karibu na Nyeri. Tofauti yao ni safari. Trauti wa Nyeri huzaliwa mtoni na kuzeekea mtoni. Stilihedi huzaliwa kwenye kokoto za kijito, hukaa mtoni mwaka mmoja mpaka mitatu, kisha hushuka Bahari ya Pasifiki. Huko hula, hunenepa, hung'aa kama fedha, na baada ya miaka kadhaa huurudia mto uliomzaa ili naye atage. Ndugu zake samoni wa Pasifiki karibu wote wakishataga hufa. Stilihedi, akijaliwa, hushuka tena baharini na kuja tena.

Wale wa kiangazi wana jambo jingine la ajabu. Huingia North Umpqua miezi ya joto, lakini hawatagi mpaka mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Zaidi ya nusu mwaka samaki yumo mtoni akisubiri, akiishi kwa mafuta aliyokuja nayo kutoka baharini, hali chakula cha maana. Kwa samaki wa namna hii chambo si mwito. Hatoki alipo kwa sababu ya njaa. Ni wewe umfuate alipo, upitishe nzi wako mbele ya macho yake, na hapo huenda akainuka kwa hasira, kwa udadisi au kwa kumbukumbu ya baharini. Mto una kilomita nyingi, samaki ni wachache. Aliyekosea mahali, hata akiutupa mshipi kwa ustadi wa kupigiwa makofi, anavua maji matupu.

Ufundi huanzia mbali na mto. Mzee yule hafungui mlango wa gari lake kabla ya kujua mvua ilinyesha lini, usiku ulikuwa wa baridi kiasi gani, na maji yamepanda au yanashuka. Mto ukijaa na kuingia matope, samaki hujitenga na nguvu ya katikati na kupita kando, kwenye maji mapole karibu na ukingo, na asiyejua huwakanyaga akiharakia kufika mbali. Mto ukianza kupungua na kuurudia ukijani wake, ukaweza kuyaona mawe yaliyo chini ya maji ya magoti, hapo ndipo pa kutoka nyumbani. Samaki waliokuwa wamesimama husafiri, na kila asafiriye hutafuta pa kupumzika.

Kisha kuna joto. Samaki huyu ni wa maji ya baridi. Nyuzi kumi hivi za Selsiasi humfaa. Zikipita ishirini huanza kutaabika, kwa kuwa maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo na pumzi humwishia. Kwa hiyo kiangazi hutafutwa penye povu, chini ya maporomoko yanayoyapiga maji yakaingia hewa, au kwenye mlango wa kijito kinachotoka msituni kikiwa na ubaridi wa chemchemi. Majira ya baridi mambo hugeuka. Maji yakikaribia kuganda, samaki hataki kutumia nguvu bure. Hushuka kwenye kina, kwenye mkondo wa polepole, na anayemtafuta penye povu atarudi na vidole vilivyokufa ganzi na mkono mtupu.

Na kuna jua. Alfajiri, kabla jua halijavuka kilele, samaki huthubutu kukaa kwenye maji mafupi ambako kina hakifiki kiunoni. Mwanga ukigusa mto hurudi kilindini au kwenye kivuli cha mwamba. North Umpqua umepita katika korongo la milima mirefu yenye misonobari, na hivyo vilindi vyake havipambazukiwi kwa wakati mmoja. Kimoja hupigwa na jua saa mbili asubuhi, kingine hubaki kivulini mpaka saa tano. Mzee anayajua hayo kilindi kwa kilindi, mwezi kwa mwezi. Siku yake ameipanga kwa kufuata kivuli: anaviacha vinavyochelewa kupata jua kuwa akiba, akavitangulia vile ambavyo jua litavinyang'anya mapema. Anayemwona akiendesha gari kwenda juu, akarudi chini, akapanda tena, atadhani anatangatanga. Hatangatangi hata kidogo.

Akishafika, ndipo anayasoma maji yenyewe. Maji hufuata mkondo, nao mkondo hufuata kilicho chini yake usichokiona. Stilihedi hupenda kasi ya mtu anayetembea bila haraka, kina cha kiuno mpaka kifua, na kimbilio lisilo mbali. Hayo yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja, na yameandikwa mara nyingi. Lakini mto mzima umejaa sehemu za namna hiyo ambazo hazina samaki hata mmoja, na aliyeishia kwenye karatasi hatajua kwa nini.

Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo uzuri ulipo. Kwenye ule mkia wa kilindi alioukazia macho mzee, sakafu ya mto ni bamba la mwamba mweusi wa basalti, lenye mpasuko unaokwenda mshazari. Mbele ya mpasuko limekaa jiwe ambalo juu ya maji huwezi kuliona. Unachoona ni kipande cha uso wa mto kilicho laini, upana wake haufiki pima mbili. Pande zote maji yana mikunjo, pale hayana. Jicho la mgeni hupita juu yake bila kusimama. Mzee alinielekeza kwa kidole, akaniambia nisilitazame jiwe, nitazame majani makavu yanayoelea. Nikatazama. Jani lililokuwa likija kwa kasi lilipofika pale lilisita, kitambo cha kupepesa jicho, kisha likatelezea upande wa kushoto na kwenda zake. Likaja la pili, likasita pale pale.

Wengi hutupa mshipi nyuma ya jiwe, wakidhani samaki hujificha huko kama mtu anayekwepa upepo. Mzee alinionyesha kwamba samaki hulala mbele yake. Maji yakiligonga jiwe hurudi nyuma kidogo, yakakutana na yanayokuja, nguvu mbili zikajimaliza zenyewe, na pale katikati hubaki kitanda kidogo cha utulivu ambacho mto mzima unapita juu yake bila kukigusa. Chini kidogo kuna maporomoko marefu. Samaki aliyeyapanda usiku anafika hapa moyo ukimwenda mbio, na pumziko la kwanza analokutana nalo ni hili. Ana maji yenye hewa puani, mpasuko wa kuingia akishtuka, kilindi mbele yake akitaka kuendelea. Ungeombwa kumjengea samaki mahali pa kulala, usingeweza kuongeza kitu.

Hili lifuatalo ndilo lililonishinda kabisa. Mwaka hadi mwaka, alisema mzee, samaki hulala pale pale. Si samaki mmoja. Aliyekuwa hapo miaka ya nyuma ameshatolewa, au ameshaliwa na simba-bahari mlangoni mwa mto, au amekufa kifo chake. Aliyepo sasa hajapata kumwona. Hakufundishwa na yeyote. Ametoka baharini, amepita vilindi chungu nzima, mawe yasiyohesabika, halafu amekuja kuchagua jiwe lile lile, kichwa kimeelekea kule kule. Basi katika mto huu mafundi ni wawili, na mkubwa kati yao si binadamu. Samaki ndiye aliyechagua mahali. Ufundi wa mvuvi ni kuufikia, kwa akili na macho na subira, uamuzi ambao mwingine ameshaufanya kabla yake.

Mahali penyewe pia si pa milele. Gharika kubwa, kama ile ya Desemba 1964 iliyoikumba Oregon, hubingirisha mawe makubwa, hufukia mashimo kwa kokoto na kuchimba mengine mapya. Jiwe likiondoka, kitanda kinaondoka nalo, na mvuvi aliyekariri mahali bila kuelewa sababu yake ataendelea kutupa mshipi kaburini. Aliyeelewa huanza upya kutazama majani.

Mzee alipoinuka hatimaye, hakuingia penye samaki. Alisimama juu, mbali, maji yakimfika magotini, akaanza kwa mshipi mfupi ambao mgeni angeuona wa kitoto. Kila mrusho aliurefusha kwa kiasi cha mkono. Nzi alikuwa akivuka mto kwa upinde, taratibu, mshipi ukinyooka chini yake. Alipofika kwenye ule ulaini maji yalifumuka, mgongo ukaonekana, ukazama. Samaki alikuja, asishike. Mzee hakutupa tena papo hapo kama wanavyofanya wenye pupa. Alirudi nyuma hatua mbili, akakaa chini, akampumzisha samaki, akajipumzisha mwenyewe.

Ujuzi wa aina hii hauzaliwi na mtu mmoja. Wenyeji wa asili wa bonde la Umpqua walijua samaki hubanwa wapi na miamba karne nyingi kabla ya ufito wa kwanza kufika. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mvuvi mmoja, Meja Mott, alipiga kambi karibu na mahali ambapo kijito cha Steamboat Creek kinaingia mtoni, na kilindi kimoja hapo bado kinaitwa kwa jina lake. Miaka ya 1930 alikuja Zane Grey, mwandishi wa riwaya za Magharibi mwa Marekani, ambaye kalamu yake ilikuwa imeshaupa Mto Rogue, wa jimbo hilo hilo, umaarufu kuliko ulivyohitaji. Mpishi wake Mjapani, George Takahashi, naye ana kilindi chake. Mwandishi aliuza vitabu kwa maelfu; mpishi alipata kipande cha maji, na leo kinatajwa alfajiri na watu ambao hawajafungua hata kitabu kimoja cha bwana wake. Majina hayo ndiyo ramani iliyorithishwa. Ukimwambia mvuvi wa pale kwamba samaki aliinuka Takahashi, upande wa chini, hahitaji kuuliza zaidi.

Mwaka 1952 iliwekwa sheria kwamba katika urefu wa takriban kilomita 50, kuanzia kijito cha Rock Creek kwenda juu, pasivuliwe kwa kitu kingine ila nzi wa manyoya. Sheria hiyo ilimpunguzia mvuvi silaha, na kwa kumpunguzia silaha ikamlazimisha kuongeza akili. Mwenye kidude kimoja chepesi cha manyoya hawezi kuusaka mto mzima. Lazima achague.

Katika waliojua kuchagua, Frank Moore anasimuliwa hadi leo. Alikuwa kijana alipoteremka ufukweni Normandy mwaka 1944, vitani, na katikati ya vita hivyo macho yake yaliiona mito ya Ufaransa na samaki wake. Aliporudi, alifungua pamoja na mkewe Jeanne nyumba ya wageni ya Steamboat Inn mwaka 1957, akawa mlezi wa wavuvi na wa mto. Alipofika umri wa miaka 90 hivi, alirudi Normandy na ufito wake kwenda kuvua katika mito ile aliyoiona akiwa askari; filamu ya Mending the Line ya mwaka 2014 inasimulia habari hiyo. Mtu aliyekuwa akipigwa risasi aliona mahali pazuri pa kuvua, akapaweka moyoni karibu miaka 70. Sijui sifa gani zaidi apewe fundi wa kazi hii.

Moore alijua pia kwamba mahali hapaharibiwi pale pale tu. Miaka ya 1960 makampuni ya mbao yalikuwa yakikata miti mpaka ukingoni mwa vijito, matingatinga yakipita ndani ya maji. Kivuli kikiondoka, kijito hupata joto. Udongo ukiporomoka, kokoto za kutagia huzibwa. Filamu fupi ya Pass Creek ya mwaka 1968 ilionyesha uharibifu huo, na Moore alikuwa mstari wa mbele katika kuupinga. Mwaka 1971 Oregon ilipitisha sheria ya kusimamia ukataji miti. Kwa hiyo kitanda kile kidogo mbele ya jiwe kinategemea mti uliosimama kilomita nyingi juu yake, kwenye kijito ambacho mvuvi hatakikanyaga maisha yake yote.

Sasa nitazame waliokuwa wakibamiza milango ya magari. Siwachukii, ni vijana, wana kazi mjini, wana siku moja ya mapumziko. Lakini siku hizi mahali hapachaguliwi, panapakuliwa kwenye simu. Mtu mmoja anampata samaki, anapiga picha, anaisambaza kabla samaki hajakauka mgongo. Hakutaja jina la kilindi, lakini nyuma yake kuna mlima, kuna mti ulioanguka, na wenye macho wanatambua. Kesho kuna magari manane. Wanasimama pale pale mchana kutwa, mara nyingi ndani ya maji ambamo samaki angelala, wakishangaa kwa nini simu imewadanganya. Simu haikudanganya. Imewapa jibu la jana. Maji yakipanda kiasi cha shubiri moja tu, jibu hilo limechacha, na wao hawakuwahi kuliuliza swali.

Pamoja na macho imekwenda adabu. Desturi ya mto ni kwamba mtu huanza juu ya kilindi, mrusho mmoja, hatua moja, mrusho mmoja, hatua moja, mpaka atoke chini. Anayefuata huanza nyuma yake. Hakuna mwenye kilindi, kila mtu ana zamu. Anayekuta mwenzake hajaingia bali amekaa akitazama, humuuliza kwanza, kwa kuwa kutazama nako ni kuvua. Siku ile wawili walipita mbele ya mzee bila salamu, wakaingia moja kwa moja kwenye maji aliyokuwa amempumzishia samaki. Hakusema neno. Alikusanya vitu vyake, akapanda kwenye gari. Nilitamani angewakemea. Sasa naona kwamba wangekemewa wasingeelewa wamefanya nini.

Hata hivyo uzembe wa vijana ni msiba mdogo. Septemba 2020 moto wa Archie Creek uliteketeza zaidi ya ekari 130,000 katika bonde lile, nyumba ya akina Moore ikiwamo. Miti iliyokuwa ikiupa mto kivuli ilibaki vigogo vyeusi. Juni iliyofuata likaja joto ambalo kaskazini-magharibi mwa Marekani haikuwahi kulishuhudia. Portland ilifika nyuzi 46.7 tarehe 28 Juni 2021. Mwezi Agosti samaki waliorudi walikuwa wachache kiasi kwamba serikali ya jimbo ilipiga marufuku uvuvi wa stilihedi katika mto mzima. Januari 2022 Frank Moore akafariki, akiwa na umri wa miaka 98. Mto uliozoea kuulizwa samaki yuko wapi ukaanza kuulizwa kama yupo.

Kwenye mito mingine ya jimbo hilo, maji yakipata joto kupita kiasi, uvuvi husitishwa kuanzia saa nane mchana, maana samaki aliyechoshwa kwenye maji yenye joto hufa hata akirudishwa mtoni kwa upole. Wapo wanaolalamika kwamba siku yao imekatwa nusu. Mzee aliniambia kwamba mwaka ule wa marufuku alikwenda mtoni kama kawaida, bila ufito. Alitaka kujua kama kitanda mbele ya jiwe bado kipo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ufundi huu una daraja la juu kuliko kupata samaki. Steamboat Creek, kijito kikubwa kinachomwaga maji yake North Umpqua karibu na ile kambi ya Mott, kimefungwa kwa wavuvi tangu mwaka 1932. Ndani yake kuna kilindi kiitwacho Big Bend. Kiangazi, kijito kizima kinapopata joto, kijito kingine kidogo huingiza hapo maji ya baridi, na stilihedi kwa mamia hujikusanya kungoja mvua. Samaki mamia katika shimo moja, wanaonekana kwa macho. Hakuna mahali rahisi kuchagua kuliko hapo, ndiyo maana majangili walipachagua, wakawa wakirusha baruti majini na kuokota maiti.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mtu mmoja, Lee Spencer, mwanaakiolojia na mvuvi, alikwenda kukaa kando ya kilindi hicho. Alikaa msimu baada ya msimu, tangu Mei mpaka mvua za mwisho wa mwaka, yeye na mbwa wake, akiwalinda samaki kwa kuwapo kwake tu, na akiandika alichoona: saa ngapi wanasogea, nini kinawashtua, nani anaruka. Mwaka 2017 alitoa kitabu cha misimu 14 ya kutazama. Alikuwa na ujuzi wote wa kuchagua mahali pa kuvua, na mahali alipopachagua ni pale asipoweza kutupa mshipi.

Ninaposikia watu wakimsifu mvuvi hodari kwa kuhesabu aliowatoa, namkumbuka Spencer. Hodari anajua samaki yuko wapi. Mstaarabu, akishajua, huamua pia wapi asiguswe. Wazee wa mto ule walikuwa na yote mawili, na sisi tumerithi simu.

Huku kwetu jambo hili si geni. Kuruwitu, katika kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe waliamua miaka ya 2000 kutenga sehemu ya maji yao isivuliwe, wakaiita tengefu, na matumbawe na samaki wakarudi. Hawakufundishwa na mtu wa Oregon. Walijua mazalio yako wapi kama mzee yule anavyolijua jiwe lake. Lakini tuna mito mingi, maziwa mengi na pwani ndefu, na sehemu kubwa tunaivua tukiwa na majibu ya jana: nyavu za macho madogo zinawekwa palipokuwa na samaki mwaka jana, miti ya ukingoni inakatwa na mtu ambaye hatavua, na anayejua sababu za mahali amezeeka, hana wa kumkalia karibu juu ya jabali.

Basi msomaji, kama nyumbani kwenu yuko mzee anayejua samaki hulala wapi, nenda naye mtoni au baharini kabla hajachoka. Usimuulize mahali, atakutajia tu jina. Muulize kwa nini pale. Kisha muulize ni wapi wazee wake waliambiana pasivuliwe, na akikutajia, usiende kupavua.